Bi Sijui na Karatasi ya Kaboni

Jumatano, tarehe 31 Desemba 2025, Bi Maisara Kamaludin anastaafu baada ya kuitumikia Bohari ya Neema, Kilindini, Mombasa, kwa miaka thelathini na mitano kasoro siku sita. Hizo siku sita nimezitia kwa amri yake. Rasimu ya kwanza ilisema miaka thelathini na mitano kamili. Akanirudishia imepigwa mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika siku aliyoripoti kazini: Jumatatu, 7 Januari 1991. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika kwa kuwa katika waliobaki ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji ataiona mbele.

Bi Maisara alizaliwa Kuze, Mji wa Kale, Desemba 1970, mtoto wa kwanza wa Mzee Kamaludin, fundi wa kujalidi vitabu, na marehemu Bi Lamis. Alisoma hapa hapa kisiwani, akajifunza kupiga chapa kwenye darasa moja la jioni karibu na Buxton, akaajiriwa nasi kuwa karani wa Lango la Pili. Mwaka 1996 alihamishiwa ofisi ya kumbukumbu na kukabidhiwa daftari la matukio, yaani kitabu kinamoandikwa kila ajali, kila hitilafu na kila lalamiko la mfanyakazi kuhusu usalama wake. Alikaa na daftari hilo hadi 2013, akanyang'anywa kwa miaka miwili, akarudishiwa. Tangu hapo amekuwa pia katibu wa kamati ya usalama.

Waliojiunga nasi juzi wanamjua kwa heshima ya cheo. Sisi wa zamani tunamjua kwa jina la Bi Sijui, alilopewa na madereva wa malori katika mwezi wake wa kwanza langoni. Ukimwuliza lori limeingia saa ngapi, alikujibu mpaka dakika. Ukimwuliza habari ya mtu, yuko wapi, yuko na nani, ametoka lini, jibu lilikuwa moja tu. Mke wangu Naomi alifika siku moja kuniletea ufunguo wa nyumba. Nilikuwa nimekaa kivulini, mbele ya macho yao wawili. Bi Maisara akamwambia, "Sijui, mwanangu," kisha akampa kiti na maji ya kunywa.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1994. Alikuja bwana mmoja kutoka makao makuu, suti imepigwa pasi, akasalimu vizuri sana na kuuliza kama meneja yupo. Bi Maisara akasema hajui. Meneja alikuwa hatua mbili nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, anajikohoza ili aonekane. Yule bwana akauliza, na huyo je? Bi Maisara akageuka, akamtazama bosi wake wa miaka mitatu kuanzia viatu mpaka upara, akasema hata huyo hamjui sana. Tulicheka wiki nzima, na meneja mwenyewe, Mungu amrehemu, alikisimulia kisa hicho siku alipotuaga.

Lakini mkono wake ulikuwa na tabia tofauti kabisa na ulimi wake. Kila kilichoripotiwa kiliandikwa, na kila alichoandika alikiwekea karatasi ya kaboni chini yake, hata baada ya ofisi kujaa kompyuta. Vijana walimtania kwamba duka la mwisho la kaboni Mombasa litafungwa siku atakayostaafu. Kaboni zilizotumika hakuzitupa. Alizikunja na kwenda nazo nyumbani, akaziweka katika mkebe wa biskuti. Tulidhani ni uchoyo tu wa mtoto wa fundi wa vitabu.

Ili kumwelewa inabidi turudi Kuze, Novemba 1982. Habari hii ameniruhusu niichapishe kwa sharti kwamba isisomwe kwa kipaza sauti, kwa kuwa baba yake atahudhuria, na macho ya mzee siku hizi hayasomi tena maandishi. Mshereheshaji ameonywa, tena mbele yangu.

Wa rika letu wanaukumbuka mwaka ule wa jaribio la kupindua serikali. Redio ikisema, watu wazima walinyamaza, na redio ikizimwa walizungumza bei ya samaki. Mimi nilikuwa Kaloleni, naimba nyimbo za kusifu kila asubuhi kwenye mstari wa shule, kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, bila kujua namsifu nani kwa lipi. Kule Kuze, Mzee Kamaludin na wenzake wanne walikuwa wamepiga chapa barua ya ukurasa mmoja. Iliuliza kwa nini kiwanja cha wakfu cha madrasa kimezungushiwa mabati na mtu mwenye jina kubwa, na ilimalizia kwa kusema kwamba mwananchi ana haki ya kuuliza. Basi, hakuna zaidi. Leo barua kama ile hupandishwa mtandaoni kabla ya chai ya asubuhi, na aliyeiandika hujiona yuko salama. Wao waliipiga chapa chumba cha juu, baada ya sala ya alasiri, huku Bi Lamis akitwanga kinu kitupu uani ili mlio wa taipureta usisikike mtaani.

Kwa ajili ya kinu hicho, Bi Lamis hakusikia hodi. Maisara, ambaye hajatimiza miaka kumi na miwili, alikuwa dakani, kwenye viti vya mawe mbele ya mlango, anafanya kazi ya shule. Akaja mtu wa makamo, kanzu safi, kofia imekaa vizuri. Akatoa salamu kamili. Akauliza hali ya baba, ya mama, ya masomo, kila swali kwa zamu yake, bila haraka, na mtoto akamjibu kila swali kwa zamu yake. Ndivyo walivyolelewa watoto wa mtaa ule: anayekusalimu kwa ukamilifu unamjibu kwa ukamilifu, na kumkatia maneno ni utovu wa adabu unaofika masikioni mwa baba yako kabla ya magharibi. Kisha yule mtu akauliza kama baba ana wageni, na ni kina nani, ili apande akawaamkue. Maisara akamtajia. Yupo baba, yupo ami Fahmi, yupo ami Khubaib, na maalim wawili wa chuoni, kila mmoja kwa jina lake na jina la babake.

"Ahsante, mwanangu," mtu yule alimwambia. "Umelelewa."

Wenzake walikuwa kwenye pembe ya nyumba. Waliingia, wakawateremsha watu watano kwa ngazi mmoja baada ya mwingine, na taipureta nyuma yao. Barua yenyewe haikupatikana. Ilikuwa imekwisha kuliwa na moto wa jikoni. Ndipo mmoja wao akaokota karatasi ya kaboni chini ya meza, akaishika penye mwanga wa dirisha, na kuisoma kwa sauti neno kwa neno mbele ya mtoto. Bi Maisara anasema siku hiyo alijifunza mambo mawili. Moja ni kwamba kusema ukweli kunamwondoa baba nyumbani. La pili, ambalo lilikaa muda mrefu bila kazi, ni kwamba karatasi nyeusi iliyotupwa haisahau herufi hata moja.

Mzee Kamaludin alikaa ndani miezi kumi na minne. Muda wote huo hakuna jirani aliyeketi kwenye daka lile. Watu waliokuwa wakinywa kahawa pale kila jioni walipitia kichochoro cha pili, na shangazi wa damu alituma chakula kwa mlango wa nyuma. Bi Lamis aliwafunza wanawe jibu moja la kumjibu kila mtu: sijui. Baba aliporudi, amekonda na ndevu nyeupe, alirudi kwenye gundi yake na sindano zake za kushonea vitabu. Hakuulizwa kitu, naye hakuuliza. Maisara hakumwambia mtu yeyote alichojibu pale mlangoni.

Basi huyo ndiye aliyekaa Lango la Pili, na sisi tukamcheka.

Kamati ilitaka aya inayofuata iondolewe, na mwenyewe amekataa. Mwaka 1998 mama mmoja wa kantini, jina lake Mejumaa, alikataa kupika kwenye jiko lililokuwa likivuja gesi. Msimamizi akadai kwamba ametukanwa. Bi Maisara alikuwapo, aliona kila kitu, na hakuna aliyetukanwa. Alipoitwa na kuulizwa, alijibu kama alivyofunzwa. Mejumaa alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, akiwa na watoto watatu wa shule. Bi Maisara anasema alirudi mezani na kuandika katika daftari kwamba jiko linavuja.

Sasa tufike Machi 2013. Kwa wiki kadhaa magunia ya sukari katika ghala la tatu yalikuwa yamepangwa kupita mstari mwekundu wa ukutani, juu ya paleti za mbao zilizooza. Dereva wa foklifti wa ghala hilo aliripoti mara mbili. Mara ya pili aliingia ofisini na kipande cha paleti kilichokuwa kikimomonyoka, akakiweka juu ya meza ya meneja, akaambiwa arudi kazini. Siku tatu baadaye rundo liliporomoka na kumfunika Ngumbao, mpakiaji, mtu wa miaka ishirini na tisa, mcheshi, aliyekuwa amebakisha miezi miwili apate mtoto wake wa kwanza. Tulimfukua kwa mikono. Alikuwa amekwisha kufa.

Ikasemwa kwamba dereva aligonga rundo kwa uzembe, na kwamba hakuna ripoti yoyote iliyowahi kutolewa. Daftari la matukio lilipotafutwa, halikuonekana, lenyewe na nakala zake. Dereva alisimamishwa kazi na kuambiwa ajiandae kwa mashtaka ya kusababisha kifo. Dereva huyo ni mimi, Kahindi Chengo, ninayeandika maneno haya. Wasifu hauandikwi kwa neno "mimi", najua, lakini hapa sina njia ya kulikwepa.

Kikao cha uchunguzi kilikaa katika ukumbi wa kantini. Afisa kutoka nje aliuliza kama kuna yeyote aliyenisikia nikiripoti. Tulikuwa watu arubaini na zaidi. Msimamizi wetu wa ghala, Bwana Morgan, aliyekuwamo ofisini siku ile na ambaye nilimsimamia harusi yake, alitazama vidole vyake. Kwa muda niliwachukia wote. Siku hizi nawaelewa zaidi, maana wengi wetu pale tulijifunza kunyamaza kabla hatujajifunza kuandika, na hata mimi, kama kesi ingekuwa ya mwenzangu, sijui ningefanya nini.

Afisa akamgeukia Bi Maisara. Akamsalimu kwanza, salamu kamili, akamwuliza hali na hali ya nyumbani. Kisha akauliza: "Bi Maisara, siku hiyo mle ofisini walikuwamo kina nani?"

Niliona uso wake ukibadilika, na kwa kuwa sikujua habari ya Kuze, nilidhani ni woga wa kawaida. Nikakata tamaa. Nilikuwa nimeshalisikia jibu lake kabla hajafungua mdomo. Aliomba maji, akanywa, akajitengeneza buibui lake, akasimama.

"Alikuwapo Bwana Meneja," alisema, "amekaa kiti cha dirishani. Alikuwapo Bwana Morgan, amesimama mlangoni. Nalikuwapo mimi. Na alikuwapo Kahindi Chengo, mwana wa Chengo wa Kaloleni, mkononi ana kipande cha ubao kilichooza. Akakiweka mezani, akasema: watu watakufa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi."

Meneja akasema kumbukumbu za mtu si ushahidi. Bi Maisara akafungua mkoba na kutoa mkebe wa biskuti. Akachagua karatasi moja ya kaboni, nyeusi, imekunjwa mara nne, akaikunjua taratibu, akamkabidhi afisa. "Ishike penye mwanga, bwana," akamwambia. Afisa akaenda nayo dirishani. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, ripoti yangu ya pili, pamoja na tarehe, saa na majina ya waliokuwamo. Bwana Morgan alikuwa wa kwanza kulia. Kisha akasimama, akasema ni kweli, na baada yake wakasimama wengine kumi na mmoja.

Nilirudi kazini, na mjane wa Ngumbao alipata karatasi inayosema kweli kuhusu kifo cha mumewe, ambayo ameiweka kwa ajili ya mtoto. Bi Maisara alipelekwa ghala la nyuma kutunza maturubai kwa miaka miwili, hadi uongozi ulipobadilika. Hakulalamika. Alisema kule kuna upepo mzuri.

Ni katika ghala hilo, tumekaa juu ya maturubai, aliponisimulia habari ya mlango wa Kuze. Nilimwuliza mbona alisema siku ile, baada ya kunyamaza miaka yote hiyo. Alinijibu kwamba swali lilikuwa lile lile, na salamu zilikuwa zile zile, na mwili wake wote ulimwambia aseme hajui. Lakini akilini alimwona Mejumaa. Alisema watoto waliolelewa katika hofu wanajua jambo ambalo wengine hawalijui: wanajua nyumba inakuwaje mtu akiisha kuondolewa. Ndiyo sababu wananyamaza, na ndiyo sababu siku moja hawawezi tena. Alisema pia kwamba kusema hakukumwondolea hofu.

Mwaka huo huo alimtafuta Mejumaa, akampata Likoni anakouza mahamri, akamwomba msamaha. Mejumaa alimwambia atafikiria. Bado anafikiria. Bi Maisara humtembelea kila mwezi, hununua mahamri, wala hamharakishi.

Aliporudishiwa daftari alileta kanuni moja katika kamati ya usalama. Kikao hakifungwi mpaka katibu azungushe macho mezani na kuuliza, "Nani hajasema?" Kisha anangoja. Mwanzoni kimya kilitutesa na tulitamani chai. Siku hizi kwenye kimya hicho ndiko kulikotoka ngazi mpya za ghala la pili, kofia za chuma za wapakiaji, na choo cha wanawake kilichoombwa na msichana wa wiki yake ya kwanza kazini. Tangu Ngumbao, miaka kumi na miwili sasa, hatujamzika mtu. Mafanikio mengine ya Bi Maisara yapo kwenye vyeti vilivyotundikwa ukumbini. Hili ndilo kubwa.

Rasimu za wasifu huu amezisoma zote na kuzisahihisha, isipokuwa ukurasa huu wa mwisho. Nilimficha. Bi Maisara, unausoma sasa kwa mara ya kwanza, na naomba unisamehe.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kuze kumwomba Mzee Kamaludin picha yako ya utotoni kwa ajili ya jalada. Nilimkuta dakani. Aliniuliza nimeandika nini. Nikamsomea habari za kazi tu. Za mlangoni sikuzigusa, kama tulivyoahidiana. Ndipo akaniambia maneno haya, nami niliyaandika papo hapo, kwa kaboni.

"Hukuandika siku ile waliyotuchukua. Mwadhani mimi sijui. Nalimsikia mwanangu, baba. Nali juu, dirisha li wazi, na mlango wa nde uko chini yangu. Nalimsikia akiitika salamu, na nalimsikia akitutaja. Miaka yote sikumwambia, kwa kuwa nalidhani yeye hajui kama ni yeye, na sikutaka ajue. Kumbe yuwajua? Kama hajui, nawe hungaliiruka siku ile. Basi mwambie. Wale walikuwa na majina yetu mfukoni kabla ya kupiga hodi. Waliposhika ngazi wakatoa karatasi iliyopigwa chapa, wakatuita kwa karatasi. Yeye aliwatajia watu watano. Karatasi ilikuwa na sita. Wa sita alikuwa Lamu wiki ile, wakamfuata kuko huko. Mwanangu hakumtoa mtu. Alimjibu mgeni salamu zake, na mimi juu kule, kabla sijajua ni nani, nalisema Alhamdulillahi, huyu nimemlea."

Nilimwuliza kama naweza kuyachapisha. Akasema niandike, kwa kuwa miaka arubaini na mitatu mdomo wake umekataa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Bohari ya Neema, wapakiaji, madereva, makarani na wanaolala nyumbani kwao salama kwa sababu yako, na kwa niaba ya Naomi na wanangu ambao baba yao hakwenda gerezani, ahsante, Bi Maisara. Tunakuombea afya, umri mrefu, na daka linalojaa wageni kila jioni.

Baba yako amekaa safu ya kwanza, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Hajui umefika ukurasa gani. Nenda ukae naye.